Kuvu Sio Waya wa Miti Jamani

Kuna video inazungushwa kwenye magrupu, msitu umejaa ukungu wa asubuhi, muziki wa taratibu, sauti nyororo inasema ati miti inapendana na mti mama anawalisha wanawe kupitia kuvu walioko chini ya ardhi. Watu wanalia kwenye komenti. Mimi hasira ndo zinanipanda, na sina ugomvi na miti, ugomvi wangu ni huyo kuvu ambaye kafanya kazi yote halafu kageuzwa waya tu, kazi yake kupitisha mapenzi ya wengine.

Huyu sio mmea hata kidogo. Hajitengenezei chakula kwa jua, kuta za seli zake zina kitini kama gamba la mdudu, na kwa ukoo yuko karibu na sisi wanyama kuliko na huo mti anaodaiwa kuutumikia.

Sasa anachofanya mizizini ni biashara. Mti una sukari, yeye hana. Yeye ana nyuzi nyembamba kuliko mzizi wowote, zinapenya kwenye vijitundu vya udongo ambako mzizi haufiki, anabeba fosforasi na nitrojeni, analeta, analipwa sukari. Zaidi ya asilimia 80 ya mimea ya nchi kavu wako kwenye dili hili, na kwenye mawe ya Rhynie kule Scotland kuna mabaki ya mimea ya miaka milioni 400 na kitu hivi, kuvu wamo ndani tayari. Na biashara yenyewe ina ubahili wake. Mwaka 2011 mtafiti Toby Kiers na wenzake walionyesha kuwa mmea unampa sukari zaidi kuvu anayeleta fosforasi nyingi, na kuvu naye anapeleka fosforasi zaidi kwa mzizi unaolipa vizuri. Mvivu anapunguziwa. Mapenzi gani hayo?

Halafu kuna kuvu mmoja anaitwa Laccaria bicolor, hapa ndo nataka wenye video wanisikilize. Mwaka 2001 watafiti Klironomos na Hart walimweka pamoja na miche ya msonobari na vidudu vya udongoni, vile vidogo vinavyorukaruka, ambavyo kwa kawaida ndo vinakula kuvu. Vidudu vikafa karibu vyote. Kuvu aliviua akavimaliza, akachukua nitrojeni yao akapeleka kwa mti, na hadi asilimia 25 ya nitrojeni ya ile miche ilitoka kwenye vidudu hivyo. Yani mti tuliouzoea kama mpole asiye na habari na mtu anakula nyama, mwindaji yuko mizizini. Mimi hii naiona nzuri mara mia kuliko habari za mama na mwana, ila hamna anayeiwekea muziki.

Na wezi wapo, usidhani. Monotropa ni mmea mweupe kama maiti, hauna kijani kabisa, umejishikiza kwa kuvu unanyonya sukari ambayo kuvu kaipata kwa mti. Okidi nao mbegu zao ni kama vumbi, hazina akiba yoyote, bila kuvu wa kuzilisha hazifiki popote.

Haya, nikubali kidogo, shingo upande. Hiyo stori ya nyuzi za kuvu kuunganisha miti na kupitisha chakula haikutoka hewani. Mwaka 1997 mtafiti Suzanne Simard na wenzake walichapisha kwenye jarida la sayansi la Nature kwamba kaboni, ile inayojenga sukari, ilihama kati ya miche ya aina mbili za miti, betula na Douglas-fir, kule Kanada, na Douglas-fir ikiwekwa kivulini ilipata zaidi. Kazi ya maana ile, siibezi. Ila mwaka 2023 watafiti Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema walikaa wakapitia tafiti za msituni moja moja, wakaona mambo mengi yametiwa chumvi, na kwamba hilo la mti mkubwa kuwapendelea watoto wake kupitia kuvu halina utafiti wa msituni uliochapishwa wa kuliunga mkono. Hata kaboni yenyewe inaweza kupita kwenye udongo tu bila nyuzi. Na huyo Jones ni mmoja wa waandishi wa ile kazi ya 1997, kwa hiyo msije mkaniambia ni wivu.