Pacific Heights: mpangaji aliyemzidi akili hata mwandishi wake

Shangazi yangu ana vyumba vinne vya uani anavyopangisha Mbagala, kwa hiyo nilipotaka mtu wa kutazama naye Pacific Heights sikuhangaika kutafuta. Filamu ni ya Kimarekani, ya 1990, mwongozaji Mwingereza John Schlesinger. Habari yake fupi tu. Wapenzi wawili, Patty na Drake, wananunua kwa mkopo wa benki nyumba kubwa ya kizamani jijini San Francisco. Wanaikarabati kwa mikono yao, wao wanakaa juu, na chini wanapangisha sehemu mbili ili kodi isaidie kulipa deni. Sehemu moja wanaingia Bwana na Bibi Watanabe, watu wenye asili ya Japani, wapole. Ya pili anaingia mtanashati mmoja anayejiita Carter Hayes. Halipi, hatoki, na kila wanachofanya kumtoa kinawageukia wao.

Hayes alipotokea na Porsche yake na kuahidi kodi ya miezi sita kwa mkupuo, shangazi aliguna.

"Huyo mwizi."

"Umejuaje, shangazi?"

"Mpangaji wa kweli umwambie miezi sita akuombe alipe mitatu. Huyu anaitaja mwenyewe?"

Alishamaliza uchambuzi. Mimi bado nina maneno, kwa sababu juu ya filamu hii watu wamegawanyika tangu siku zile. Wapo wanaosema mswada wake ni kapu lililotoboka, aliyeuandika, Daniel Pyne, alikuwa na wazo zuri akashindwa kulifikisha popote. Wapo pia wanaosema hakuna picha inayomtisha mwenye nyumba kama hii, na kwamba taharuki inayokunyima usingizi haihitaji kukaguliwa kama hesabu za saccos. Nimeitazama mara tatu sasa. Naona wote wanasema kweli, ila kila upande unazungumzia nusu yake ya filamu.

Nianze na nusu nzuri, maana ndiyo yenye utamu.

Hayes hakabidhiwi nyumba. Anaingia tu. Fedha alizosema zitatumwa kupitia benki hazijafika, na Drake bado anazisubiri. Siku moja Patty anasikia mtu yumo mle ndani, na kitasa kimeshabadilishwa. Baadaye inaanza nyundo usiku, kisha drili, halafu kimya, halafu nyundo tena. Mlango haufunguliwi. Ukigonga, anatoka mtu mwingine usiyemjua, Greg, anayekuangalia kama wewe ndiye uliyekosea nyumba. Kwa muda mrefu hatuonyeshwi kinachofanyika mle ndani, tunasikia tu kuta zikigongwa, kuta ambazo muda mfupi uliopita tuliwaona wenyewe wakizipaka rangi kwa furaha. Hapo mwandishi anajua kazi yake. Aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga, chumba kwa chumba, anajua sauti ya jirani usiyemwona inavyoweza kukaa kichwani.

Halafu wanakuja mende. Hawaji wenyewe, wanafugwa na Hayes, wanaachiwa, na hao akina Watanabe wanafungasha na kuondoka. Kodi ya pili imekwenda. Benki haijali.

Drake anafanya ambalo wenye nyumba wengi wangelifanya: anamkatia Hayes umeme na mfumo wa kupasha nyumba joto. Polisi wanakuja. Tunatarajia wamtoe Hayes, kumbe wamekuja kumwonya Drake. Sheria ya California haimruhusu mwenye nyumba kumkatia mpangaji huduma hizo ili ahame, awe analipa au halipi. Schlesinger anaiacha aibu ile imkae Drake usoni, huku Hayes amesimama pembeni na tabasamu la mtu aliyeibiwa anayewasamehe waliomwibia.

"Mbona hawakwenda kwa mjumbe?" shangazi akauliza.

Nilicheka, lakini swali lake lina uzito kuliko linavyosikika. Kwake ugomvi wa chumba unaanzia kwa mjumbe na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya watu wanaojua nani alihamia lini na godoro lake lilikuwa la inchi ngapi. Patty na Drake hawana mtu kama huyo. Wana wakili, Stephanie, aliyeigizwa vizuri na Laurie Metcalf, na kila anachowaeleza ni cha karatasi: ilani, tarehe, kesi, subira. Hofu ya nusu hii ya kwanza ndiyo hiyo. Silaha ya Hayes ni utaratibu. Hajapiga mtu. Anasubiri apigwe.

Michael Keaton, anayeigiza Hayes, ndiye anayeibeba sehemu hii. Mwaka mmoja kabla, 1989, alikuwa Batman, shujaa wa dunia nzima, na sura ileile sasa imewekwa kwa adui. Hapigi kelele. Kuna mahali amekaa gizani akichezesha wembe katikati ya vidole, hasemi kitu, na mtu unajikuta umekunja vidole vyako mwenyewe. Adui wa aina hii hukutani naye kwenye filamu nyingi: mstaarabu, msafi, anayekuita kwa jina lako la kwanza huku anakula nyumba yako.

Sasa mswada.

Kwanza, Hayes anataka nini? Filamu inafunguka akiwa amelala na mwanamke, wanaume wawili wanamvamia na kumpa kipigo, naye anakipokea kama mtu anayelipwa. Tunaelewa baadaye: mchezo wake ni kumchokoza mwenye nyumba mpaka anyanyue mkono, kisha anamgeuzia kesi. Sawa. Lakini piga hesabu. Mtu anajifungia, anabomoa, anafuga mende, anaishi bila taa, ili siku moja aje alipwe na vijana ambao hata deni la benki linawashinda? Wangemlipa na nini? Wanaomtetea Pyne watasema Hayes ni mgonjwa, raha yake ni kuharibu, fedha ni kisingizio. Ningekubali kama filamu ingelikaa na wazo hilo. Inatupa tu habari ya haraka karibu na mwisho: jina lake halisi ni James Danforth, mtoto wa familia ya kitajiri iliyomkataa. Kwa hiyo ni tapeli mwenye mahesabu au mtoto aliyedekezwa akaharibika? Mwandishi alitaka vyote viwili, na havikai kwenye mtu mmoja bila kuelezwa.

Pili, Drake. Mtu akikuambia usimpige mpangaji kwa sababu ndicho anachokitafuta, wewe unampiga? Anampiga. Akipewa amri ya mahakama asimkaribie, anakwenda. Hayes anampiga risasi na kupanga mambo ionekane alikuwa akijitetea. Hasira inaeleweka, hasa baada ya mimba ya Patty kuharibika, na hapo sitaki kumhukumu mtu. Lakini mswada unaohitaji steringi awe mjinga kila unapokwama ni mswada uliokosa njia nyingine. Kwenye vibanda umiza tulivyokulia, watoto wangelipiga mluzi.

Tatu, sheria yenyewe. San Francisco ina sheria kali ya kodi za nyumba tangu 1979, na kumtoa mpangaji bila sababu inayotambulika ni kazi. Ila kutolipa kodi ni sababu iliyo wazi kabisa. California ina ilani ya siku tatu, ulipe au uhame, na baada ya hapo kesi ya kuhamishwa ina njia yake ya haraka kuliko kesi nyingine za madai. Mpangaji mjanja anaweza kuivuta, ni kweli, lakini huyu hajawahi kulipa hata senti. Mwandishi angetuonyesha Hayes akiivuta kesi hatua kwa hatua, kwa karatasi moja baada ya nyingine, tungepata filamu ya kutisha zaidi. Badala yake tunaambiwa tu kwamba sheria iko upande wake, na tunaruka mbele.

Sheria ikiwekwa hivyo, inageuka kuwa jambo la upande mmoja, na hapa nina kinyongo kidogo. Mimi ni mpangaji. Watazamaji wengi wa mijini ni wapangaji. Filamu nzima inatukalisha juu pamoja na wenye nyumba, tukisikiliza sakafu, na kinga aliyopewa mtu asifungiwe umeme na mwenye nyumba mwenye hasira inaonyeshwa kama mwanya wa wahalifu. Niliwahi kukaa nyumba ambayo mama mwenye nyumba alizima umeme wa vyumba vyote vinne kwa sababu mmoja wetu alichelewesha kodi. Usiku ule ningelipenda sana polisi wa Drake waje.

Filamu ina chembe ya kujua hilo. Kabla Hayes hajaingia yupo mwombaji mwingine, Lou Baker, mtu mweusi, aliyeigizwa na Carl Lumbly. Anakosa, na anayepata ni mzungu mwenye Porsche na maneno matamu. Hapo palikuwa na filamu nyingine kabisa, pengine bora kuliko hii: Drake angelifanya uchunguzi wa kawaida wa mwombaji, kama alivyopaswa, Hayes asingelikanyaga mle. Uvivu wake na macho yake kupenda gari ndivyo vilivyomfungulia mlango. Mswada unaligusa jambo hili kwa ncha ya kidole, kisha unaliacha.

Nusu ya pili watu huiponda yote kwa pamoja. Hapo siwaungi mkono. Drake akishaumizwa, steringi anabadilika, na Melanie Griffith, anayeigiza Patty, anaichukua filamu. Hayes ametoweka, nyumba ya chini ameiacha mifupa. Patty anamfuata kwa vipande vya habari alivyookota, mpaka hotelini Los Angeles, ambako bwana yule anakaa kwa raha akitumia jina la Drake. Patty anafanya nini? Anajitambulisha kama mke wake, anaingia chumbani kwake, anaagiza vyakula na vinywaji vya kufuru kwa gharama yake, kisha anapiga simu na kuzifuta kadi na hundi anazotembelea. Hayes anakamatwa. Ni dakika chache tamu, kwa sababu amepigwa kwa silaha yake mwenyewe: simu, jina, saini, sauti ya upole. Laiti picha ingelimalizikia karibu na hapo.

Haikumalizikia. Hayes anatoka mahabusu, anarudi kwenye nyumba, na ghafla yule mtu aliyeshinda karibu kila vita bila kunyanyua mkono anakimbizana na watu akiwa na bastola ya misumari, mpaka anaangukia bomba na kufa. Waliokuwa wakimtetea Schlesinger wanasema hadhira ya 1990 ililipa kiingilio na ilitaka kumwona adui anaanguka. Huenda. Ila aliyeanguka pale si Hayes tuliyekaa naye. Ni mtu mwingine aliyeazimwa kutoka kwenye filamu za visu na mayowe, amevaa shati lake.

Schlesinger alikuwa na Oscar ya uongozaji, kwa Midnight Cowboy ya 1969, na inaonekana: alijua kuelekeza kamera kwenye ukuta mtupu na kukufanya uogope. Muziki wa Hans Zimmer unasaidia. Hata Tippi Hedren, mama mzazi wa Griffith, yumo kwa muda mfupi kama mjane tajiri ambaye Hayes anamnyemelea. Nyumba yenyewe iliyopigwa picha haiko Pacific Heights, mtaa uliotoa jina la filamu, iko Potrero Hill, mtaa mwingine wa jiji hilohilo. Sijui kwa nini jambo hilo linanifurahisha kiasi hiki. Hata anwani ilikuwa ya kughushi.

Mwishoni Patty na Drake wanaionyesha nyumba kwa wanaotaka kununua. Kila kitu kimesafishwa na kupakwa rangi upya. Shangazi alikuwa ameshaanza kukunja mkeka.

"Kwa hiyo hajalipa?"

"Amekufa, shangazi."

"Nimeona amekufa. Nakuuliza kodi."