Kumfungia Tapeli wa Gemu Maisha: Anayefungiwa Nani Hasa?

Umejibanza nyuma ya ukuta, hujafyatua risasi wala hujasogea, na jamaa aliye ng'ambo ya ramani anakupiga ya kichwa kupitia ukuta huohuo. Mara ya kwanza unasema kabahatisha. Mara ya tatu unajua anatumia programu ya udanganyifu, unaripoti. Siku chache baadaye unaarifiwa kwamba amefungiwa maisha, moyo unatulia, na jioni ileile anaingia mchezaji wa jina jipya, akaunti ya siku moja, mwenye shabaha ileile ya kutisha.

Akaunti ndiyo iliyofungiwa. Mwenyewe yuko kwake, ameketi kwenye kiti kilekile.

VAC, mfumo wa kunasa matapeli wa kampuni ya gemu ya Valve, ulioanza 2002, hutoa kifungo kisicho na mwisho, na enzi ambazo gemu ililipiwa kifungo hicho kiliuma: kurudi kulimaanisha kununua nakala nyingine. Desemba 2018 Counter-Strike: Global Offensive, gemu ya Valve ya kufyatuliana risasi, ikawa ya bure. Tangu hapo, kwa tapeli asiyejali kuwekwa kundi moja na wasio na hadhi ya Prime (ya wachezaji wanaoaminika zaidi, wanaopangwa pamoja), nauli ya kurudi ikawa barua pepe mpya.

Wengine husema wafungie anwani ya IP, yaani namba ambayo kifaa hutambulika nayo kwenye intaneti. Hilo halituchukui muda: anwani hubadilika, na moja huweza kutumiwa na watu wengi wasiojuana. Utafungia mtaa mzima kwa kosa la mtoto mmoja.

Hoja nzito zaidi ni kufungia mashine yenyewe. Vanguard, mfumo wa kunasa matapeli wa kampuni ya Riot uliokuja na gemu yake ya Valorant mwaka 2020, hukaa ndani kabisa ya mfumo endeshi na huanza kazi pale tu kompyuta inapowashwa, hivyo inaweza kutambua vifaa vya aliyefungiwa hata akija na akaunti nyingine. Wanaoitetea wana haki: tapeli mvivu hukomea hapo. Ila tapeli mwenye pesa hununua programu ya kughushi namba za utambulisho za diski na ubao mama, au huuza mashine na kununua nyingine. Ile aliyoiuza humwangukia mtu ambaye hajawahi kudanganya hata kwenye karata.

Kwa nini basi nisiseme tu kaza zaidi? Kwa sababu mitambo hukosea. Julai 2010 wachezaji wapatao 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2 walifungiwa na VAC bila hatia. Steam, duka la gemu la Valve mtandaoni, ilikuwa imesasisha faili la gemu kwenye diski wakati lililo kwenye kumbukumbu ya kompyuta ni la zamani. Mfumo ukaona havilingani, ukahukumu. Valve iliwafungulia, ikaomba radhi na kumpa kila mmoja nakala ya Left 4 Dead 2, pamoja na nyingine ya kumzawadia rafiki. Oktoba 2023 ikawa zamu ya wenye kadi za picha za AMD: kipengele kipya cha dereva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, kilichogusa faili za Counter-Strike 2 kiliwaponza wachezaji, hadi AMD ikakiondoa. Hao waliokolewa na wingi wao. Aliyeonewa peke yake atabisha hodi wapi, na nani atamwamini, wakati kila tapeli naye hulia kwamba kaonewa?

Ndiyo maana pendekezo la kufunga akaunti kwa kitambulisho cha taifa linanitia hofu, ingawa nakiri ndilo pekee linalomfikia mtu mwenyewe. Kosa la mfumo lingemwandama maisha, na kampuni ya burudani ingeshika nyaraka za mamilioni ya watu, wengi wao watoto. Mizani yangu inaegemea kwenye kupandisha gharama: namba ya simu, saa kadhaa za kucheza kabla ya mashindano ya vyeo, na kuchelewesha adhabu, kama VAC inavyofanya, ili muuza programu za udanganyifu asijue ni kitu gani hasa kilichonaswa. Korea Kusini ilimfuata muuzaji huyo kwa sheria, na anaweza kufungwa jela.

Hata njia hiyo ina wa kuumia. Ukizibana akaunti mpya zicheze zenyewe kwa zenyewe, matapeli waliorudi watajazana humohumo, na atakayekutana nao kila mechi ni mgeni wa kweli aliyepakua gemu jana.