Skochi na wiski ya Ireland: siku niliyoaibishwa na vikombe vinne vya chai

Mimi naishi Glasgow, Scotland, shemeji yangu, yaani kaka yake wife, yuko Dublin, Ireland, kwa hiyo ubishi unajua umetokea wapi. Kila tukikutana yeye anasema skochi, yaani wiski ya Scotland, ni kunywa moshi wa jiko, mimi namwambia ya Ireland ni wiski ya watoto, laini mpaka haina cha kusema, halafu tunacheka na kunywa chochote kilichopo mezani. Pasaka hii wife akachoka na makelele, akasema nyie wawili mnaongea sana, leo nawapima.

Akaenda kumimina jikoni, vikombe vinne vya chai maana glasi zenyewe za wiski sina, akabandika plasta yenye namba chini ya kila kikombe akaleta. Sheria moja tu, sema inatoka wapi.

Cha kwanza nikanusa tu, moshi. Nikasema bila hata kuonja, hii skochi, tena ya Islay, kile kisiwa cha Scotland (inaandikwa hivyo ila wenyewe wanatamka Aila, ukisema vingine wanakuangalia). Cha pili chepesi, vanila na kama ganda la limau, kikashuka bila kuuma, nikamwambia shem hii ya kwenu, imepitishwa kwenye mtambo wa kuchemsha na kukusanya mvuke mara tatu mpaka ladha imekimbia. Cha tatu moshi tena, ila huu wa kweli kweli, harufu ya samaki wa kukaushwa imechanganyika na bandeji na iodini ya zahanati, hapo hata shem akajua ni Laphroaig, skochi ya Islay. Cha nne ntarudi.

Majibu. Cha kwanza kilikuwa Connemara. Ya Ireland! Cha pili Auchentoshan, ambayo kiwanda chake kiko hapa hapa nje ya Glasgow karibu na daraja la Erskine, napita pale kila nikienda Loch Lomond. Shem alicheka mpaka akashika ukuta.

Ila ukiacha aibu yangu, wife alikuwa ametuonyesha kitu. Ile hadithi tunayopeana baa, kwamba skochi ni moshi na ya Ireland imepikwa mara tatu, haishiki. Auchentoshan ni skochi na inapitishwa mara tatu. Connemara ni ya Ireland, inapitishwa mara mbili na ina moshi. Na skochi nyingi tu, chukua Glenfiddich inayojaa kila duty free, moshi hauusikii. Moshi sio uraia, ni kuni. Waliokulia kwenye mbege wanajua kimea, unaloweka ulezi, unachipua, unaukausha. Sasa hawa wa wiski ni shayiri, na kule Islay wanaikausha kwa kuchoma piti, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza bwawani unaochimbwa vipande kama matofali, na moshi wake unaingia kwenye punje unabaki humo hata baada ya miaka kumi ya pipa. Mwairishi akiamua kuchoma piti anapata moshi vile vile, ni vile tu wengi wao hawachomi.

Kwa hiyo tofauti iko wapi? Kikombe cha nne.

Kile sikuweza kukitaja. Kilikuwa kizito, yaani kinapaka ulimi kama tui zito, halafu inakuja pilipili manga na karafuu kwa mbali, na utamu wa zabibu kavu. Sikuwa nimeonja skochi inayokaa mdomoni hivyo. Shem akakaa kimya, akaweka kikombe chini taratibu, akasema hii ni Redbreast 12, mimi ndio nimeileta. Kumbe hata hakuhitaji kunusa mara ya pili.

Hiyo ndo wanaiita poti stili, na hapo ndo Ireland ilipo. Skochi ya molti ni kimea kitupu cha shayiri. Hii wanachanganya kimea na shayiri ambayo haijachipuzwa, lazima kila moja iwe angalau asilimia 30, na ile mbichi ndo inaleta mafuta na viungo. Na chanzo chake kinanifurahisha sana, ni kodi! Mwaka 1785 kimea kiliwekewa kodi, wapishi wakaona isiwe tabu, tupunguze kimea tuweke mbichi. Wanakwepa ushuru, wanazaa ladha.

Halafu kuna jingine lenye uchungu kidogo. Aeneas Coffey, mtoza ushuru wa zamani huko huko Ireland, mwaka 1830 akapata hataza ya mtambo mrefu unaotoa pombe mfululizo, nyepesi, kwa bei rahisi. Wakubwa wa viwanda vya Dublin wakaukataa, wakasema hiyo sio wiski. Waskoti wakauchukua, wakachanganya pombe yake na molti zao, wakaenda nayo duniani kote. Sio sababu pekee, kulikuwa na marufuku ya pombe Marekani 1920 mpaka 1933 na mengine, lakini kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kizima cha Ireland kilibaki na viwanda viwili, Midleton na Bushmills. Ndo maana wengi wetu tunaijua Ireland kwa Jameson ya kawaida, ambayo ni mchanganyiko mwepesi, na tunaihukumu kwa hiyo. Ni kama kuhukumu chai kwa ile ya stendi. Nilikuwa nafanya hivyo miaka yote, tena kwa sauti.

Kwa mdomo wangu mimi, skochi nzuri inaanzia puani, unaweza kukaa nayo dakika kumi unanusa tu na Laphroaig bado ni mpenzi wangu, sihami. Poti stili puani haina vituko vingi, mambo yake yako ulimini. Nikiwa nimeshakula vizuri na mvua ya Glasgow inapiga dirisha nachukua ya shem. Nikisema hivyo mbele yake sitalala.

Redbreast aliiacha hapa, imebaki vidole viwili, na jana kaandika anauliza kama ipo. Nimemjibu ipo. Akija Desemba nitaiweka pembeni ya GlenDronach 12, skochi, maana zote zimepita kwenye mapipa ya sheri, ile divai ya Hispania, tuone bila moshi wa kujificha nyuma yake nitasema nini. Wife ameshasema safari hii anamimina na yeye anakunywa.