Nachonga tu, mchongo sina

Ilikuwa video ya sekunde ishirini. Mkono wangu unabonyeza kibodi, na kwenye skrini zinatokea alama za mihuri ya herufi niliyochonga mwenyewe kwenye raba za kufutia, zimepinda kidogo, wino umekolea hapa na kuruka pale. Nikaituma kwenye kundi letu la madizaina, nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vidole. Niliporudi nikakuta moyo mmoja, vidole gumba vinne, na ujumbe wa jamaa mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi: “Kali sana hii. Sasa hapo mchongo uko wapi?”

Nilicheka, maana swali lilikuja na jibu lake ndani. Mchongo? Huu hapa kaka, umejaa mezani, makombo ya raba mpaka kwenye soksi. Ila yeye hakuwa anauliza habari za kisu. Akaendelea bila kusubiri: ifanye fonti uuze, rekodi kozi ya masomo sita, fungua ukurasa, posti kila jioni watu wakiwa wametulia na simu zao. Kufikia ujumbe wa tano alishanipa na jina la chapa. Mimi alama ya kuuliza nilikuwa bado sijaichonga.

Jamaa si mtu mbaya. Anawaza kama tunavyowaza wote siku hizi, na lugha yenyewe imeshamsogezea kiti. Mchongo umekuwa dili. Kazi ya pembeni maana yake ni ya kuongezea kipato. Ukisema “kuna kitu nakifanya pembeni”, mtu anavuta kiti karibu akidhani utamwingiza. Kitu unachokifanya kwa sababu tu kinakuchekesha hakina jina. Labda tukiite mchezo, lakini neno hilo nalo lilishatiwa doa zamani. Tumelelewa na “acha mchezo” na “mzaha mzaha hutumbuka usaha”, na mpaka leo mtu mzima akikutwa anacheza hutafuta kisingizio.

Basi nieleze ilivyoanza, ingawa haikuanza kwa heshima. Nilikuwa nasubiri mteja arudishe majibu ya nembo. Toleo la tisa. Ukilitazama vizuri, la tisa lilikuwa lile la pili, sema bluu ilikuwa imekunywa maji kidogo. Mezani kulikuwa na raba na kisu cha kukatia karatasi. Nikachonga O. O ni herufi ya huruma, hata ukikosea inabaki O. Nikaipaka wino, nikaigandamiza nyuma ya mkataba wa huyo huyo mteja, na ile alama iliyobaki, nyeusi, nene upande mmoja, ikanifurahisha kuliko chochote nilichokuwa nimekifanya mwezi mzima.

Kuchonga muhuri kuna adabu zake. Muhuri hugeuza kila kitu kama kioo. A, I, M, O, T na U hazijali, zitokee upande wowote. N, S, L na K hazisamehi. Kwa hiyo unachora herufi kwa penseli laini kwenye karatasi, unailaza kifudifudi juu ya raba, unasugua kwa ukucha. Ile penseli inahamia ikiwa imeshageuka yenyewe. Halafu kisu. Usikisimamishe wima, na usikiingize chini ya mstari. Kiinamishe kielekee nje, ili kila mstari ubaki na kitako kipana kama kilima. Ukikosea ukakata kuelekea ndani, herufi inasimama juu ya kiuno chembamba, na mara ya tatu kuigandamiza inalala chali. L yangu ya kwanza ilikufa hivyo.

N niliichonga bila penseli, kwa kujiamini. Ikatoka imegeuka. Nimeiacha.

Zikawa herufi 24. Q na X sikuzigusa, zina kazi gani kwetu? A nilichonga tano, kwa sababu Kiswahili kinakula A kuliko kitu kingine chochote. Kila muhuri niliugandamiza mara kadhaa, mingine ikiwa na wino mwingi, mingine ikiwa imekauka, nikaskani karatasi zote, nikakata alama moja moja. Ndipo nikaandika programu. Ni fupi tu: ukibonyeza herufi inachagua alama mojawapo kwa bahati nasibu, inaiinamisha digrii mbili tatu kushoto au kulia, basi. Halafu nikaongeza upuuzi ninaoupenda kuliko yote. Wino unaisha. Kila herufi inatoka imefifia kuliko iliyoitangulia, mpaka ubonyeze kitufe cha nafasi, hapo muhuri unachovya upya. Maneno mafupi yanatoka meusi tii. Sisi je, na vitenzi vyetu vinavyobeba ukoo mzima? Andika “hawatatusahaulisha” uone. Ile ha- inaingia kwa kishindo, na -sha inatoka kama mtu anayenong'ona chumba cha pili.

Mpwa wangu wa miaka saba aliielewa kwa nusu dakika. Alibonyeza bila kupumzika mpaka skrini ikaonekana haina kitu, akasogeza pua karibu ahakikishe, akapiga kitufe cha nafasi na kupiga kelele A nyeusi ilipomrukia. Alasiri nzima alitafuta neno refu kuliko yote. Swali aliuliza moja tu: “Mjomba, huu wino unakaa wapi?” Nimeandika programu kwa miaka kadhaa sasa na bado sijapata jibu la kumpa linaloniridhisha mwenyewe.

Sasa turudi kwenye kundi. Wauzaji nawaweza. Walionishinda ni watetezi. Maana baada ya jamaa kumwaga mipango yake, wakaja wengine wawili kunitetea: mwacheni acheze, mchezo unanoa ubunifu, kesho mtaona matunda yake kazini. Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Mmoja anataka niuze mihuri. Hawa wanataka niuze furaha ya kuichonga, kwa mkopo, mwajiri atalipa baadaye.

Na huwa wanakuja na mifano ile ile. Atatajwa Ernő Rubik, yule wa mchemraba wa rangi, lazima. Mwaka 1974, mwalimu wa usanifu pale Budapest anahangaika na vipande vya mbao na mipira ya kufungia, anataka kujua kama vipande vinaweza kuzunguka huku na kule bila mchemraba mzima kusambaratika. Kutoka hapo wanaruka moja kwa moja hadi mauzo, mamilioni kwa mamilioni. Sehemu tamu wameiruka. Alipotia rangi na kuuzungusha mara chache, alishindwa kuurudisha ulivyokuwa. Ilimchukua kama mwezi mzima. Mwezi! Mtu mzima, mwalimu, amekaa na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kinamshinda, na hakuna mtu duniani wa kumuuliza kwa sababu hakuna mwingine aliye nacho. Nendeni mkamuulize mtu huyo, katikati ya wiki ya tatu, mchongo uko wapi.

Akitoka Rubik anaingia Susan Kare. Huyu nampenda, na ndiyo maana inaniuma anavyotumiwa. Alikuwa akichomelea sanamu ya chuma ya nguruwe mwitu, ukubwa wa nguruwe mwenyewe, rafiki yake wa tangu shule alipompigia simu kuhusu kompyuta mpya inayotengenezwa. Ikoni, vile vijipicha vya kwenye skrini ya kompyuta, hakuwa amewahi kuchora. Akanunua daftari la miraba. Ikoni moja ilikuwa miraba 32 kwa 32, yaani 1,024, na kila mraba ama umejazwa ama umeachwa. Kwa mtu mwingine hicho ni kifungo. Kwake yeye ilikuwa darizi. Mama yake alikuwa amemfundisha kudarizi kwa kuhesabu nyuzi. Kompyuta yenyewe, Macintosh ya Apple, ilipotoka mwaka 1984 ilikuwa na kile kikompyuta kinachotabasamu na lile bomu lenye utambi, vyote vimetoka kwenye daftari la miraba.

Hapo watetezi hupiga makofi. Unaona? Darizi ilikuja kulipa! Lakini ni nani aliyewahi kudarizi ili siku moja achore bomu kwa ajili ya mashine ambayo haijabuniwa? Ungemwambia nini yule binti na sindano yake: hesabu vizuri mwanangu, miaka ijayo zitakuja skrini? Alidarizi kwa sababu ua lilikuwa linatokea. Ukimpa sababu nyingine unamnyang'anya ile aliyokuwa nayo.

(Wanaotenganisha kazi za mikono na kazi za kompyuta, kana kwamba ni koo mbili zisizooana, sina muda nao. Ada Lovelace, mwanahisabati Mwingereza, aliandika mwaka 1843 kwamba mashine ya kukokotoa aliyoibuni Charles Babbage ingefuma mifumo ya aljebra kama mtambo wa kufumia wa Jacquard, unaoongozwa na kadi za matundu, unavyofuma maua na majani. Kitambaa kilitangulia, kadi hizo zikafuata, sisi wa kompyuta tumekuja jana.)

Mtu ninayemtaka mimi kwenye kesi hii ni Bruno Munari. Muitaliano, dizaina wa kulipwa kama mimi na wewe. Kuanzia mwaka 1933 alikuwa akitundika vipande vya kadi alivyovipaka rangi, vijiti vyembamba na nyuzi za hariri, viyumbe kwa upepo wa mlango ukifunguliwa. Akaviita mashine zisizo na faida. Angalia ujanja huo. Jina lenyewe limeshajibu swali kabla hujafungua mdomo. Baadaye alieleza kwamba rafiki zake wengi walikuwa nazo nyumbani, ila walizitundika vyumba vya watoto. Sebuleni waliweka sanamu na michoro ya wasanii wa heshima. Hakuonekana kuona uchungu. Mimi ningeona fahari. Mtoto aliyelala chini ya kitu kile, akakipulizia mpaka kikageuka, ndiye aliyekipata.

Haya, najua. Nyumba hailipiwi kwa raba, na mtu mwenye madeni huwezi kumhubiria mchezo. Wapo pia waliogeuza vitu vyao vya pembeni kuwa biashara na bado wanacheka. Nawajua wawili, na nawaonea wivu kidogo. Lakini namjua na wa tatu. Huyu alikuwa akikunja ndege wa karatasi, unazungusha kijishikio chini, mabawa yanapiga. Hakuna ndege wawili waliofanana. Mmoja alikuwa na bawa fupi, akiruka anaonekana kama anachechemea. Kampuni moja ikamwagiza ndege 60 wa bluu kwa ajili ya hafla, wote sawasawa. Akawakunja. Akalipwa, na akalipwa vizuri, sitaki kudanganya. Yule anayechechemea walimkataa kwenye sampuli. Mwaka jana nilimuuliza kama bado anakunja. Akaniambia anakunja nguo.

Kuhusu ofisi zinazokuuliza kwenye usaili unafanya nini muda wako wa ziada, kisha zinauchukua muda wenyewe wiki ya kwanza, nitaandika siku nyingine nikiwa nimetulia. Na aliyesema akili bandia ingenitengenezea mihuri hiyo yote kwa sekunde kumi: najua. Ndiyo maana sikuiomba.

Kuna jambo nimeliandika hapa na kulifuta mara tatu. Toleo la kumi la ile nembo nilizipa herufi kingo zilizokwaruzika, kama za muhuri uliokauka wino, na mteja akakubali siku hiyo hiyo. Ndiyo. Kwa hiyo mchezo ulinisaidia kazini, watetezi wameshinda, chukueni ushahidi wenu. Ila sikuchonga kwa ajili yake. Nembo ingekataliwa mara ishirini, usiku ule bado ningekaa na K, ambayo ilinitoa jasho kwa sababu miguu yake inakutana pembamba na kisu kinateleza, na ilipotoka nzima niliigandamiza kwenye kila karatasi iliyokuwa karibu. Bahasha ya benki ina K saba. Sijui nitamwelezaje mtu kilichokuwa kizuri hapo. Kilikuwa kizuri.

Jana usiku jamaa akarudi. “Vipi, umeamua nini kuhusu ile fonti?” Nikafungua programu, nikamjibu kwa mihuri: NACHONGATU, bila nafasi, makusudi, ili U ya mwisho ibaki kivuli. Nikapiga picha, nikatuma.

Akakaa dakika mbili. “N zako zimegeuka.”