Ua la Plastiki Mbele ya Isaya 40

Mwezi uliopita, kwenye matanga ya nyumbani kwetu hapa Goma, nusura ndugu wawili wakosane kwa sababu ya maua. Baba mdogo alikuwa amerudi kutoka mjini na shada la plastiki, waridi nyekundu na mayungiyungi meupe yaliyofungwa kwa waya, majani yake yakiwa bado na mng'ao wa dukani. Shangazi alikuwa ameshika kisu cha jikoni na fungu la bugenvilia alizokata kwenye ukuta wa makoro, mawe ya lava, nyuma ya nyumba.

"Yaya, hayo yako yatakuwa takataka kabla ya jioni," baba mdogo akamwambia dada yake mkubwa. "Marehemu anastahili kitu kinachodumu."

Shangazi akajibu kwamba marehemu hakuwa mtu wa plastiki. Mwishowe vyote viwili viliwekwa juu ya sanduku. Kisha mhubiri akafungua Isaya 40, akasoma: "Majani yakauka, ua lanyauka, bali neno la Mungu wetu litasimama milele." Alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye maua ambayo hayawezi kunyauka hata yakitaka. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni nani kati ya wale wawili aliyeielewa Biblia vizuri zaidi.

Baba mdogo ana hoja nzito kuliko inavyoonekana. Biblia imejaa maua yaliyotengenezwa kwa mikono ya mafundi, tena kwa agizo la Mungu mwenyewe. Kinara cha taa katika Kutoka 25 kilifuliwa kwa dhahabu safi, na vikombe vyake vilikuwa mfano wa maua ya mlozi: vitatu katika kila tawi kati ya matawi sita, na vinne katika mti wa kinara. Jumla ni vikombe 22 vilivyochanua mahali ambapo jua halikuingia. Hekalu la Sulemani nalo lilichorwa makerubi, mitende na maua yaliyofunuka katika kuta zake. Vichwa vya nguzo zile mbili mlangoni vilikuwa na kazi ya mayungiyungi, na ukingo wa ile bahari ya kusubu, yaani birika kubwa la shaba la maji, ulikuwa kama ua la yungiyungi. Basi anayesema kwamba ua lisilo hai halina nafasi mbele za Mungu atalazimika kuyafuta maandiko hayo yote. Katika nyumba ya Mungu ua lilisimama kwa ajili ya uzima usiokoma, bustani isiyokauka. Nadhani ndicho alichokitaka baba mdogo kwa ajili ya ndugu yake, ingawa hakukisema kwa maneno hayo.

Tena kuna mfuko. Shada la plastiki hununuliwa mara moja, likakaa kaburini kwa miezi, na familia iliyochoshwa na gharama za matanga haiwezi kulaumiwa kwa hilo.

Lakini Isaya, Ayubu na Zaburi ya 103 wana neno jingine, na huku kwetu ni rahisi kutolisikia. Goma mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Bugenvilia ikipukutika leo, wiki ijayo kuna nyingine. Katika nchi ya Isaya mvua hukatika masika yakiisha na hairudi mpaka karibu Oktoba. Vilima huvaa maua kwa majuma machache, halafu upepo wa moto unavuma kutoka jangwani na rangi yote inakwisha kwa siku chache. Aliposema kwamba pumzi ya BWANA yapita juu yake, wasikilizaji wake walikuwa wameshauhisi upepo huo usoni. Kwao ua lilikuwa jambo la haraka: likikupita, umelikosa mpaka mwakani. Nguvu ya mfano iko hapo. Likiondolewa kunyauka, Isaya 40 inabaki bila ua lake.

Kuna neno moja la Kiebrania linalozikutanisha pande hizi mbili, nami sijaliona likihubiriwa, jambo linalonisikitisha. Neno hilo ni tsits. Ndilo ua linalonyauka katika Isaya 40, ndilo ua la kondeni katika Zaburi 103:15, ndilo ua la Ayubu 14:2 linalochanua na kukatwa. Ndilo pia maua yaliyochorwa katika kuta za Hekalu. Na ndilo jina la lile bamba la dhahabu kwenye kipaji cha uso cha Haruni, lililoandikwa "Mtakatifu kwa BWANA". Katika Kiswahili tunasoma "bamba", nalo ua limejificha. Kuhani mkuu aliingia mbele za Mungu akiwa na ua la dhahabu kwenye paji la uso, na jina la ua hilo ni lile lile la kitu kinachokufa jua likipanda. Halafu fimbo yake katika Hesabu 17: mti mkavu uliolala usiku mmoja hemani, kesho yake ukawa na machipukizi, maua na malozi mabivu. Fimbo hiyo haikupakwa dhahabu. Ilichanua.

Hapa niseme kidogo juu ya wale wanaotaka kila ua liwe na maana yake ya siri, waridi ni Kristo, yungiyungi ni usafi, na kadhalika. Mapokeo hayo ni ya zamani, yamelisha ibada za wengi, na sitaki kuyabeza. Ila tusome kwa makini. Wimbo Ulio Bora 2:1 katika Biblia yetu ya Union ni "ua la uwandani". Wanaosoma Kifaransa hapa mjini, katika tafsiri ya Louis Segond, hukuta narcisse, yaani nargisi. Waingereza wamezoea waridi la Sharoni. Neno lile lile la Kiebrania linarudi katika Isaya 35:1, na pale Union yetu inaandika "waridi". Kama watafsiri hawajakubaliana ni ua gani, si busara kujenga fundisho zima juu ya petali zake. Isitoshe, anayesema "Mimi ni ua" katika mstari ule kwa kawaida hueleweka kuwa ni bibi arusi.

Turudi kwenye shada. Yesu mwenyewe aliyaweka maua ya mashamba na Sulemani kwenye mizani moja: hata Sulemani katika fahari yake yote hakuvikwa vizuri kama mojawapo la hayo. Sulemani huyu ndiye aliyesubiwa mayungiyungi ya shaba na Hiramu wa Tiro. Wakati Yesu anasema, shaba ile ilikuwa imekwisha kuvunjwa na Wakaldayo na kubebwa Babeli karibu miaka 600 iliyopita, kama inavyosimuliwa katika 2 Wafalme 25. Na ua alilolisifu ni lile ambalo kesho hutupwa kalibuni. Hakusema ni zuri ijapokuwa linakufa, kana kwamba kufa ni dosari yake. Alisema Mungu amelivika, leo, pamoja na kesho yake.

Kanisa Katoliki nalo lina desturi inayonisaidia hapa. Wakati wa Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Yakirudi Pasaka, hata mtoto anajua kuna jambo limetokea. Ua la plastiki lililosahauliwa kwenye kona tangu Noeli haliwezi kulisema hilo, kwa kuwa halikuondoka.

Kwa hiyo naegemea kwa shangazi. Si kwamba baba mdogo alitenda dhambi. Dhahabu ya kinara inamtetea, na upendo wake ulikuwa wazi. Lakini kinara kile kilikuwa kimoja, kazi ya fundi, sadaka ya taifa zima. Shada la dukani haliwi kinara kwa sababu tu halihitaji maji. Na mji huu unajua ua hai lina bei gani. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, na lava kupita katikati ya mji na kuliangusha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, watu walijenga tena juu ya jiwe. Ile bugenvilia ya shangazi imepandwa kwenye tundu alilolichimba kwa nyundo katikati ya makoro, akalijaza udongo uliokuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, magunia manne.

Juzi nilikwenda makaburini. Shada lipo. Vumbi na jua vimeyafanya mawaridi kuwa ya rangi ya chungwa iliyofifia, na waya umeanza kutu. Bugenvilia zote zilikuwa zimekauka na kukunjamana kama karatasi, isipokuwa fungu moja bichi kwenye kopo la maziwa lenye maji. Shangazi alikuwa amefika kabla yangu.