Ulaya iache kubadilisha saa, lakini ibaki na saa ya baridi

Jumapili ya mwisho ya Machi, huku Ujerumani saa nane usiku inaruka na kuwa saa tisa: ndiyo saa ya kiangazi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa tisa inarudishwa kuwa saa nane: ndiyo saa ya baridi, saa ya kawaida. Kwa mtu aliyekulia Nairobi au Dar es Salaam, ambako mwaka mzima jua halichezi mbali na saa kumi na mbili, utaratibu huu unachosha. Wenyeji nao umewachosha. Tume ya Ulaya ilipokusanya maoni kati ya Julai na Agosti 2018, yaliingia majibu milioni 4.6, na asilimia 84 walitaka ufutwe. Machi 26, 2019 Bunge la Ulaya likaamua kwa kura 410 dhidi ya 192 kwamba mwisho uwe 2021. Saa zinaendelea kusogezwa, kwa sababu serikali za nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya hazijaafikiana.

Naunga mkono kufutwa kwake. Ila hiyo asilimia 84 isitupumbaze: majibu kama milioni 3 yalitoka Ujerumani peke yake, tena kwa watu waliojitokeza wenyewe kujaza fomu mtandaoni. Na ugumu hasa uko kwenye swali linalofuata: tukiacha kubadilisha, tubaki na saa ipi? Wengi wanataka ya kiangazi, kwa kuwa wanafikiria jioni za Juni, jua linapozama Berlin saa tatu na nusu usiku. Wafikirie Desemba. Siku fupi kabisa, Berlin jua huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Kwa saa ya kiangazi ya kudumu lingechomoza saa tatu na robo, watoto wameshamaliza kipindi cha kwanza darasani. Vigo, magharibi kabisa mwa Hispania, hali ingekuwa mbaya zaidi: ni karibu saa nne asubuhi ndipo kungekucha, kwa sababu tangu 1940 Hispania inafuata saa ya Ulaya ya Kati ilhali jua lake ni la Uingereza na Ureno.

Saa ya baridi ndiyo iliyo karibu na jua. Imepimwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 15 mashariki, unaopita Görlitz, mpakani na Poland. Wataalamu wa usingizi wanaipendelea kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaopanga mwili ulale na uamke lini. Na saa ya kiangazi ya kudumu imeshajaribiwa. Marekani iliianza Januari 1974. Wazazi wakalalamika watoto wanakwenda shule gizani, na Oktoba mwaka huo huo Bunge lao likarudisha saa ya kawaida kwa majira ya baridi. Urusi iliichukua 2011, ikaiacha 2014.

Kwetu tunaoishi huku kuna mambo ya kuangalia kabla hayo hayajaamuliwa. Anayefanya zamu ya saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, Oktoba anafanya kazi saa tisa na Machi saa saba. Soma mkataba uone saa ya ziada inalipwaje. Kwenye hospitali na nyumba za wazee, saa ile inayojirudia iandikwe 2A mara ya kwanza na 2B mara ya pili, kwa hesabu ya Wazungu, la sivyo dawa ya usiku itaonekana imetolewa mara mbili au haikutolewa kabisa. Mikutano ya chama cha familia iwekwe kwenye kalenda ya simu kwa ukanda wa Nairobi au Dar, usiwe wa Berlin, ili walio nyumbani wasiyumbishwe. Kama kuna ndugu Marekani, jihadharini zaidi mwezi Machi: wao husogeza saa Jumapili ya pili, wiki mbili au tatu kabla ya Ulaya, na Novemba hurudisha Jumapili ya kwanza, baada yetu. Katika wiki hizo hesabu mliyoizoea haifai.

Saa ya baridi ina gharama yake kwetu. Kwa utaratibu wa sasa, wakati wa kiangazi Dar iko mbele ya Berlin kwa saa moja tu, na Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ziko sawa kabisa nayo. Tukibaki na saa ya baridi, Dar itakuwa mbele kwa saa mbili mwaka mzima: ukitoka kazini na kupiga simu saa mbili usiku, kwa mama ni saa nne, na huenda ameshalala. Hilo linaniuma. Lakini tofauti ya saa mbili isiyobadilika inapangika. Unahamisha simu iwe mapema asubuhi, au wakati wa chakula cha mchana, na kila mtu anaizoea. Mtoto wa miaka saba kungoja basi gizani Desemba nzima, hilo hakuna namna ya kulipangia.