Rockne ni kocha wa mchangani, tusisahau

Kila habari za Knute Rockne, yule kocha wa zamani wa futiboli ya Marekani, zikitajwa watu wanakimbilia namba. Ameshinda mechi 105, kafungwa 12, sare 5, misimu 13 pale chuo cha Notre Dame, Marekani, kuanzia 1918 mpaka 1930. Namba ni za kutisha kweli, ila mi nasema ukitaka kumjua huyu kocha rudi nyuma alipokua mwanafunzi anayecheza.

Alizaliwa Voss, Norway, 1888, akaletwa Chicago akiwa na miaka mitano. Akafanya kazi posta miaka kadhaa, anadunduliza, mpaka 1910 ndo anaingia chuo, hapohapo Notre Dame, ana miaka 22, yaani umri ambao wenzake wengi wanamaliza yeye ndo anaripoti na begi lake. Halafu mwili wenyewe mdogo, na mwaka wa kwanza kwenye timu hakufua dafu. Hili linanigusa sana kwa sababu na mimi nilifanya kazi kwanza, chuo nikaingia nimechelewa, najua unavyokaa darasani na watoto wadogo unajiuliza kama bado kuna muda.

Sasa twende 1913. Likizo ya kiangazi Rockne na rafiki yake Gus Dorais, yule mrushaji wa timu, wanapata kazi Cedar Point kule Ohio, ufukweni. Wamebeba mpira. Wakitoka kazini wanaenda mchangani, Dorais anarusha, Rockne anakimbia, mpira wa enzi hizo mnene kuliko wa sasa, na zamani wachezaji wengi walikua wanaupokea kwa kuukumbatia kifuani. Yeye akawa anajifundisha kuupokea kwa viganja, mikono imelegea, vidole vinarudi nyuma kidogo mpira unapogusa ili usidunde, na miguu haisimami. Siku baada ya siku, kitu hichohicho.

Tarehe 1 Novemba wakaenda West Point kucheza na timu ya jeshi, Army, watu wakubwa wenye nguvu. Rockne mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alijifanya anachechemea, beki wa Army akampuuza, ghafla akachomoka mbio, mpira wa Dorais ukamkuta mikononi, kafunga. Dorais siku hiyo alirusha pasi 17 zikafika 14, Notre Dame wakashinda 35 kwa 13.

Kuna wanaosema hawa wawili ndo walibuni pasi ya mbele, yaani kumrushia mpira mwenzio aliye mbele yako, jamani hapana. Sheria iliiruhusu tangu 1906, na mwaka huohuo timu ya chuo cha Saint Louis chini ya kocha Eddie Cochems walishaitumia. Na kumpa Rockne ubunifu ambao sio wake naona ni kumpunguzia, maana ukubwa wake ni kwamba kitu kilikuepo miaka saba, timu nyingi zinakichukulia kama kamari ya dakika za mwisho, yeye na mwenzie wakakifanyia mazoezi mpaka kikawa kazi ya kawaida. Huyo ndo kocha tayari, hata kama bado anavaa jezi! Anachukua tendo moja, analivunja vipande, kidole kwa kidole, analirudia.

Na kipindi chote hicho anasoma, yuko maabara ya kemia, 1914 akamaliza na digrii ya famasia.

Dorais nae hakuishia kurusha tu, akaja kua kocha miaka mingi kule Detroit. Ufukwe mmoja, likizo moja, makocha wawili.